Alipaye na Aamuaye

Kamba tatu humfunga mtu na dola anamoishi: kodi, kura na mpaka. Kodi hutwaa sehemu ya jasho lake. Kura humpa sehemu ya uamuzi. Na mpaka humwambia kama yeye ni mwenyeji au mgeni. Watu wengi huzijadili kamba hizi moja moja. Leo hulalamika kuwa kodi ni nzito, kesho hugombana juu ya wagombea, na kesho kutwa huuliza kwa nini mtu fulani ameruhusiwa kuingia nchini. Walakini kamba hizo zimesukwa pamoja, na avutaye moja huzitikisa zote. Chini ya mabishano hayo limelala swali moja la haki: ni nani astahiliye kuamua jinsi mali ya wote itakavyokusanywa na itakavyotumiwa? Je, ni yule alipaye? Ni yule aliyezaliwa hapa? Au ni kila mtu aishiye chini ya sheria ya nchi?

Swali hili si la wakubwa peke yao. Mwanafunzi wa sekondari anunuaye sabuni kwa shilingi 116 amekwisha kulipa kodi, ajue asijue. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutozwa nchini Kenya mwaka 1990, ni asilimia 16. Basi katika shilingi zile, 100 ni bei ya sabuni na 16 ni haki ya hazina. Mwanafunzi huyo hajatimiza miaka 18, hana kitambulisho, wala hawezi kupiga kura. Analipa lakini haamui. Je, amedhulumiwa? Tukisema kwamba kila alipaye lazima aamue, hatuna budi kukiri kuwa amedhulumiwa. Tukisema hakudhulumiwa, yatupasa tueleze haki ya kura hutoka wapi, maana tumekwisha kukubali kuwa haitoki katika malipo.

Hoja ya kwamba kodi na kura ni ndugu pacha ni ya kale. Walowezi wa Kiingereza katika Marekani walikataa kutozwa kodi na Bunge la London ambamo hawakuwa na mjumbe hata mmoja, na mwaka 1773 watu wa Boston wakaitupa baharini shehena ya chai kwa ajili hiyo. Hoja yao ilikuwa njema ilipotumika kama ngao ya mnyonge: usinitoze bila kunisikiliza. Lakini ngao ikigeuzwa yaweza kuwa rungu. Wapo waliosema kwamba ikiwa alipaye anastahili kusikilizwa, basi asiyelipa anyamaze, na alipaye kingi asikilizwe zaidi ya alipaye kidogo.

Tusiidharau hoja hii kabla ya kuisikiliza. Wenye kuitetea husema hivi: katika kampuni, mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa, wala hapana aonaye kuwa ni dhuluma. Katika karamu ya mchango, asiyetoa hata kibaba cha mchele hana uso wa kuchagua kitoweo. Tena mtu asiyelipa, ukimpa kura, atawachagua wale watakaomwahidi mali ya mwenziwe. Maneno haya yana ladha ya akili. Yapasa yapimwe, na mizani ya kuyapimia tunayo katika historia ya nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1901 serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi ambayo leo ni Kenya. Kila nyumba ilihesabiwa, hata mume mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, akalipia nyumba tatu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba ya kutozwa. Makusudi yalikuwa mawili: kuijaza hazina, na kumlazimisha Mwafrika atoke kwake akatafute fedha kwa kazi ya mshahara, aghalabu katika shamba la mlowezi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaja kamba ya tatu, yaani kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, nayo ikaanza kutekelezwa kwa nguvu karibu na mwaka 1920. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake na mwajiri wake, na wengi waliitia katika kijaluba cha bati wakakivaa shingoni. Aliyeacha kazi bila idhini alitafutwa kwa karatasi hiyo hiyo.

Na kura je? Wazungu walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1920. Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, naye aliteuliwa tu, hakuchaguliwa kwa kura. Waafrika walipiga kura ya kuchagua wajumbe wao mwezi wa Machi mwaka 1957. Hesabu ni nyepesi: miaka 43 ya kulipa kabla ya kupata mjumbe, na miaka 56 kabla ya kupata kura. Wakati huo huo kodi ya mapato, ambayo ingewagusa zaidi wenye mali, ilipingwa kwa bidii na walowezi, ikathibiti mwaka 1937. Si kwamba wao hawakulipa kitu. Ila wenye kura waliweza kujadiliana na mtozaji, na wasio na kura walitozwa tu.

Hapa yaonekana kosa la kwanza la hoja ile. Ilisema kwamba kura hufuata malipo. Historia yasema kwamba aghalabu malipo hufuata kura: asiye na sauti ndiye atwishwaye mzigo, kwa kuwa hapana amwogopaye. Basi ukimnyima kura maskini kwa sababu halipi cha kutosha, hutakuwa umemwacha bila mzigo. Utakuwa umeondoa kizuizi cha kumwongezea.

Kosa la pili lilionekana katika uchaguzi wenyewe wa mwaka 1957. Kura ile haikuwa sawa kwa watu wote. Mtu alipimwa kwa elimu, kwa mapato au mali, kwa utumishi wa muda mrefu na sifa nyinginezo, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura tatu, ambapo jirani yake asiye na sifa hizo hakupata hata moja. Wale wanane waliochaguliwa, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, waliingia barazani kwa mlango huo mwembamba, lakini hawakuusifu. Walikataa kushika uwaziri, wakadai viti zaidi vya Waafrika. Mwezi wa Mei mwaka 1963, kabla ya uhuru, kila mtu mzima alipata kura yake moja. Nchi haikuvunjika kwa sababu mchunga mbuzi na mwalimu walihesabiwa sawa.

Wala mambo haya hayakuwa ya Afrika peke yake. Katika baadhi ya majimbo ya kusini mwa Marekani, mtu alitakiwa alipe kodi ya kichwa ndipo apige kura, na kanuni hiyo iliwafungia mlango Wamarekani weusi wengi pamoja na maskini weupe. Mwaka 1964 katiba ya Marekani ilirekebishwa ili kanuni hiyo isitumike katika chaguzi za taifa, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaikataza katika chaguzi za majimbo pia. Nchi iliyozaliwa kwa ugomvi wa kodi na uwakilishi ilichukua karibu miaka 200 kujifunza kwamba kura isiuzwe langoni kama tikiti.

Basi tuurudie mfano wa kampuni. Mwenye hisa huhatarisha fedha tu; akichukizwa huuza hisa zake akaenda zake. Raia huhatarisha zaidi. Sheria yaweza kumtia gerezani, kumtwalia shamba kwa ajili ya barabara, kumfundishia mwanawe, na kumtibu au kumwacha bila matibabu. Mambo haya humpata maskini sawasawa na tajiri, na mara nyingi humpata maskini kwanza. Mgonjwa wa zahanati isiyo na dawa anahusika na makadirio ya serikali kuliko tajiri atibiwaye ng'ambo. Kwa hiyo nasema kwamba kura haitoki katika malipo. Hutoka katika jambo hili: kwamba mtu yu chini ya sheria maisha yake yote, hana mahali pengine pa kukimbilia, na ana akili ya kujua limfaalo. Mwanafunzi wa sabuni ya shilingi 116 hakudhulumiwa kwa kungojeshwa, maana ngoja yake ina mwisho unaojulikana, nao ni mmoja kwa wote: siku atimizapo miaka 18 mlango hufunguliwa. Dhuluma ni ngoja isiyo na mwisho.

Lakini ukweli una pande mbili, na upande wa pili humkaba mpiga kura mwenyewe. Ikiwa kura haikununuliwa kwa kodi, haifuati kwamba mpiga kura asiifikiri kodi. Wako watu wapendao barabara na wachukiao ushuru, wapendao shule bila ada na wachukiao mtoza kodi, nao humchagua mgombea aahidiye vyote viwili pamoja. Ada ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia mafunzo katika shule za sekondari za umma. Ada hizo hazikutoweka duniani. Zilihamishwa kutoka mfuko wa mzazi mmoja hadi mfuko wa wote. Hilo lilikuwa jema, nami nalisifu. Ila asifuye na akumbuke kuwa chaki, kitabu na mshahara wa mwalimu vina mlipaji.

Ahadi ya vyote viwili haitimii ila kwa njia moja, nayo ni mkopo. Mkopo wenyewe si dhambi. Daraja lijengwalo leo litavukwa na watoto wa kesho, na ni haki nao walichangie. Lakini fedha ikikopwa kwa ajili ya karamu ya leo, ni nani atakayelipa? Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini hawakusema kwamba mkopaji na mlipaji watakuwa mtu mmoja. Mkopo wa namna hiyo ni kodi atozwayo mtu ambaye hajapata kura. Yaliyompata babu yetu kwa nguvu za mgeni, mjukuu aweza kufanyiwa na babu yake mwenyewe kwa kura halali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliona hatari hiyo. Ibara yake ya 201 yaagiza kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na kwamba faida na mizigo ya mikopo ya umma igawanywe kwa uadilifu baina ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kila apigaye kura hupiga pia kwa niaba ya mtoto aliyesimama nje ya kituo akimngoja.

Sasa tuikabili kamba ya tatu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii humfundisha mgeni kazi, na watu huitaja kwa furaha. Lakini inayo swali lisiloulizwa: mgeni aliyeshika jembe miaka 50, akazaa na kuzika katika shamba hilo, ataitwa mgeni hadi lini?

Nchini Kenya swali hilo lilikuwa na sura ya watu. Wamakonde walitoka Msumbiji katika miongo ya ukoloni, wengi wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani. Wakakaa Kwale, wakazaa watoto na wajukuu, wakanunua chumvi na mafuta ya taa kwa bei yenye ushuru kama jirani zao. Walakini hawakuhesabiwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho hakuweza kupiga kura, tena alipata taabu kufungua akaunti ya benki, kuandikishwa kazi au kusafiri bila hofu. Mwaka 2016 baadhi yao walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kwenda kuyasema haya mbele ya Rais. Serikali ikawakubali, ikawapa vitambulisho, na wakapiga kura katika uchaguzi wa mwaka 2017. Hapana Mkenya aliyepungukiwa na haki yake siku hiyo.

Je, maana yake mipaka ifutwe, na kila aingiaye apewe kura? Sisemi hivyo. Mfanyabiashara apitaye mjini juma moja amelipa kodi katika kila mlo alioula, lakini ataondoka kabla matokeo ya uamuzi wake hayajafika. Si haki awaamulie wale watakaobaki nayo. Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imewapa watu wa nchi wanachama njia pana ya kusafiri na kufanya kazi kwa jirani, na kila nchi imebaki na daftari lake la wapiga kura. Kadhalika Mkenya aliye ng'ambo huenda halipi kodi ya sabuni ya nyumbani, na tangu mwaka 2013 baadhi ya walio nje wamepigia kura huko huko waliko. Hawa halipi yule na apiga kura huyu watuonyesha kwa mara nyingine kwamba kodi na kura ni majirani tu, si kitu kimoja.

Kipimo kiwe hiki: maisha ya mtu yameshikamana na nchi kwa kadiri gani, na je, upo mlango anaoweza kuufikia? Tangu 1991 wako wakimbizi Dadaab, na tangu 1992 Kakuma, na wamo watu waliozaliwa humo na kufikia utu uzima humo humo. Kwa muda mrefu kanuni zimewataka wapate kibali kabla ya kutoka katika maeneo waliyopangiwa. Serikali ina wajibu wa kuwalinda raia na kujua nani ameingia nchini. Wajibu huo ni wa kweli, na asiyeujali hajatawala hata kijiji. Lakini sisi tuliolichukia kipande shingoni mwa babu zetu tunapaswa kuwa wazito wa kukisifu shingoni mwa mwingine. Nchi yaweza kumwambia mgeni “ngoja.” Haiwezi, bila kujichafua, kumwambia mtoto wa mgeni “ngoja milele.”

Limebaki jambo moja, nalo lahusu siku zilizo baina ya uchaguzi na uchaguzi. Mwezi wa Machi mwaka 1922 watu walikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Alikuwa amekamatwa baada ya kupinga kodi nzito, kipande na kazi za shuruti. Walipigwa risasi, na watu wasiopungua 20 wakafa. Mwaka huo huo kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Miaka 102 baadaye, mwezi wa Juni 2024, vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Bunge liliupitisha. Siku hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa. Siku ya pili yake Rais alitangaza kuwa hatautia sahihi.

Tusiseme kwamba siku hizo mbili ni sawa. Watu wa 1922 hawakuwa na njia nyingine, kwa kuwa hawakuwa na kura. Watu wa 2024 walikuwa na wabunge waliowachagua, na ndiyo maana uchungu wao ulikuwa wa namna nyingine: uchungu wa mtu aliyemtuma mjumbe, na mjumbe akasahau ujumbe. Ibara ya 210 ya Katiba yasema kodi isitozwe ila kwa sheria, na sheria hutungwa kwa kuwashirikisha wananchi. Ushirikishwaji ukiwa wa kweli, hasira hupata mlango. Ukiwa wa sura tu, hasira hutafuta dirisha. Mtawala na akumbuke hilo. Na raia naye akumbuke kwamba mswada husomwa kabla haujawa sheria, na kwamba sauti ya mtu mmoja aliyeusoma huwa na uzito kuliko kelele za kumi waliousikia kwa uvumi.

Kijana msomaji, muda si mrefu utapewa kitambulisho, na baada yake kura. Huenda pia ukapewa shilingi 200 usiku wa kuamkia uchaguzi. Basi fanya hesabu. Miaka mitano ina siku 1,826. Shilingi 200 zikigawanywa katika siku hizo hazifiki senti 11 kwa siku. Tena kila sabuni ya shilingi 116 huchukua shilingi 16 za kodi. Ukinunua sabuni 13 umelipa shilingi 208, umerudisha rushwa yote na kuzidisha nane. Aliyekununua hakutoa fedha yake; amekukopesha yako, na riba yake ni miaka mitano ya kunyamaza.

Kabla hujaweka alama yako, jiulize maswali matatu. Mgombea huyu atatoa wapi fedha za ahadi zake? Ni nani asiyekuwa na kura atakayebeba mzigo wa uamuzi wangu? Na je, sheria aitakayo kwa mgeni, ningeikubali kama mgeni huyo angekuwa mimi? Asiyeweza kuyajibu maswali haya amepewa kura lakini bado hajaamua. Na ayajibuye kwa moyo safi, hata mgombea wake akishindwa, ameilipa nchi yake kodi ambayo hapana mtoza ushuru awezaye kuidai: kufikiri kwa ajili ya wengine.